Uwanja, kiwanja, uga na koti: maneno ya mahali panapochezwa tenisi

Neno la Kiingereza *court* huwaletea watafsiri wa Kiswahili taabu ambayo chanzo chake si ufukara wa msamiati. Mwanafunzi anayefungua kamusi kwa haraka hukutana kwanza na *mahakama*, kisha *korti*. Akiwa na sentensi inayomhusu mchezaji aliyeingia mahali hapo na raketi mkononi, anaweza kuandika kwamba bingwa huyo alifika mahakamani akiwa mchangamfu. Kosa la namna hiyo huchekesha, na kwa kuwa linachekesha hurekebishwa upesi. Makosa yanayodumu ni yale yasiyomshtua msomaji: kuuita uwanja wote kiwanja, kudhani kwamba wachezaji wa Paris hukimbia juu ya udongo wa mfinyanzi, au kuandika *uwanja mgumu* pale ambapo mwandishi wa asili hakusema lolote kuhusu ugumu wa mechi. Makala haya yanahusu zaidi makosa ya aina hii ya pili.

Kwa nini neno moja lilibeba mahakama na mahali pa kuchezea? Asili yake ni neno la Kilatini *cohors*, lililokuwa na maana ya ua uliozungushiwa ukuta au boma. Kifaransa cha kale kililirithi, na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 wakaliingiza katika Kiingereza. Katika ua wa mfalme ndipo wakuu wake walipokusanyika, na ndipo kesi zilipoamuliwa. Basi jina la mahali likawa jina la watu waliopo mahali hapo, kisha likawa jina la chombo cha kutoa hukumu. Ua wenyewe nao haukupoteza jina. Ndani ya nyua za namna hiyo, za watawa na za makabaila wa Ufaransa, watu walicheza mchezo wa kupiga mpira kwa kiganja, ambao raketi ziliingizwa baadaye. Huo ndio mchezo uliozaa tenisi. Wafaransa wa leo wanatumia *cour* kwa ua na kwa mahakama, lakini kiwanja cha tenisi wanakiita *court*, neno ambalo babu zao walilitoa na wao wakalichukua tena kutoka kwa Waingereza.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuuona mgeuko huo kuwa wa ajabu, maana lugha yake imefanya vivyo hivyo kwa neno *baraza*. Baraza ni sehemu ya mbele ya nyumba ambapo wazee huketi jioni. Likawa mkutano wa wazee hao. Leo ni Baraza la Mawaziri. Tofauti ni kwamba hakuna mchezo wa mpira uliozaliwa barazani. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na behewa, ua wa ndani usio na paa, lakini hapakuwa mahali pa kufukuzia mpira, na neno lenyewe hivi sasa linajulikana zaidi kwa abiria wa treni. Kwa hiyo tenisi ilipoletwa Afrika Mashariki na wakoloni, Kiswahili hakikuwa na sababu ya kuunganisha uamuzi wa kesi na mahali pa mchezo. Kilitumia neno lililokuwapo kwa ajili ya eneo wazi na tambarare, *uwanja*, na kilifanya vyema.

Historia hii ina faida moja ya moja kwa moja kwa walimu na watafsiri wa vitabu vya historia. Tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa Tabaka la Tatu huko Versailles walikuta milango ya ukumbi wao imefungwa. Wakaingia katika jengo la karibu lililotumiwa kwa mchezo ule wa kale, wakaapa kutotawanyika mpaka Ufaransa ipate katiba. Kiingereza hukiita kiapo hicho kwa jina la *tennis court*, na tafsiri ya neno kwa neno ni *Kiapo cha Uwanja wa Tenisi*. Mwanafunzi anayesoma maneno hayo ataona wajumbe mamia kadhaa wamesimama juani, kati ya mistari meupe, pengine na wavu katikati yao. Hali haikuwa hivyo. Walikuwa chini ya paa, ndani ya kuta ndefu zenye madirisha ya juu, wakitoroka mlango uliofungwa na, kwa mujibu wa masimulizi, mvua. *Uwanja* katika Kiswahili hauna paa, isipokuwa msemaji aseme hivyo. Hapa *ukumbi* ndilo neno lifaalo: *Kiapo cha Ukumbi wa Mchezo wa Mpira*, na maelezo mafupi yafuate. Jina hilo ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Sasa tuje kwenye *uwanja* na *kiwanja*. Katika matumizi ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi, na kwa mpira wa miguu hakuna hasara kubwa, kwa kuwa uwanja mmoja huwa na eneo moja la kuchezea. Tenisi ni tofauti. Wimbledon ni mahali pamoja, na ndani yake mna viwanja 18 vya nyasi vya mashindano. Mtangazaji anaposema *uwanja umefungwa kwa sababu ya mvua*, msikilizaji hawezi kujua kama mechi moja imesimama au watazamaji wote wamerudishwa nyumbani. Kiswahili kina njia rahisi ya kutenganisha mambo hayo, nayo ni ya ngeli. *Uwanja* uachwe kuwa jina la mahali pote pamoja na majukwaa, njia na milango yake. *Kiwanja*, kwa udogo unaobebwa na kiambishi *ki-*, kiwe ule mstatili uliochorwa mistari, wenye urefu wa mita 23.77, na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mtu mmoja kwa mmoja au mita 10.97 kwa wawili kwa wawili, pamoja na nafasi inayouzunguka. Kwa mpango huo sentensi *mvua ilisimamisha michezo ya viwanja vyote isipokuwa viwili vyenye paa, lakini uwanja haukufungwa* inaeleweka bila msaada.

Mpango huu una ufa katika wingi. *Uwanja* ukifuata mkondo wa *wakati* na *nyakati*, wingi wake ni *nyanja*, na umbo hilo limo katika lugha. Hata hivyo *nyanja* limekwenda zake: leo ni nyanja za elimu, nyanja za uchumi, na wengi huliona kuwa neno jingine kabisa, hata kulifanya umoja na kusema *nyanja ya afya*. Hakuna shabiki anayesema kwamba nyanja za michezo zimejaa watazamaji. Wingi unaotumika ni *viwanja*, ambao ni wingi wa *kiwanja* pia. Tofauti iliyojengwa kwa uangalifu katika umoja huporomoka katika wingi, na mtafsiri hana budi kuitengeneza kwa njia nyingine: *viwanja vikubwa vinne vya mashindano makuu* kwa mahali pote, *viwanja vya kuchezea* kwa mistatili. Si suluhisho zuri la kisarufi, lakini linafanya kazi.

*Uga*, linalopendwa na waandishi wa Kenya, halina ufa huo, kwani wingi wake ni *nyuga* na haugongani na kitu. Asili yake ni eneo wazi mbele ya nyumba au katikati ya kijiji, na magazeti ya Kenya yamelizoesha kwa viwanja vikubwa kama Nyayo na Kasarani. Mtafsiri anayewaandikia Wakenya atalitumia bila wasiwasi. Msomaji wa Tanzania atalielewa, ila atahisi kwamba habari imetoka upande wa pili wa mpaka. Kwa mstatili wa tenisi peke yake, *uga* linaonekana kubwa mno.

*Kiwanja* nacho kina mizigo yake. Kwa Mtanzania mwenye hati ya ardhi, kiwanja ni kipande cha kujengea nyumba, chenye namba na kitalu. Ile sehemu ya Wimbledon ambayo Waingereza huiita kwa namba moja, ikitafsiriwa *Kiwanja Na. 1*, husikika kama barua kutoka ofisi ya ardhi. Neno *tenisi* likitajwa karibu, au namba ikiandikwa kwa maneno, *Kiwanja cha Kwanza*, harufu hiyo ya mihuri hupungua. Vijana wa Dar es Salaam wana *viwanja* vyao vingine vya kustarehe usiku, lakini hakuna anayevichanganya na hivi.

Limebaki *koti*. Wachezaji wengi husema hivyo kwa mdomo, kwa sababu neno la Kiingereza, likitamkwa kama Waingereza wanavyolitamka, haliachi sauti ya *r*. Katika mazungumzo ya klabu hakuna ubaya. Katika maandishi lina kasoro mbili: *koti* ni vazi, na *korti*, likiandikwa kwa *r* ili kuepuka vazi, ni mahakama, hasa kwa msomaji wa Kenya. Neno la mkopo huhitajika pale lugha ilipokosa, na hapa haikukosa.

Ugumu halisi unaanza mtu anapotaka kusema kiwanja kimetengenezwa kwa nini. Tenisi ni mchezo wa pekee kwa jambo hili: mashindano yake makuu huchezwa juu ya nyasi, udongo na sakafu ngumu, na kila kimoja humpa mchezaji mpira wa tabia nyingine. Msomaji asiyeelewa maneno hayo hawezi kuelewa kwa nini Rafael Nadal alishinda Paris mara 14 na Wimbledon mara 2.

Nyasi hazina shida kubwa. *Uwanja wa nyasi* ni msemo uliokomaa katika soka, na *nyasi bandia* umeufuata. Jambo la kuangalia ni kwamba *nyasi* kwa wasemaji wengi huleta picha ya majani marefu ya kuezekea, ilhali nyasi za Wimbledon hukatwa zikabaki na urefu wa milimita 8. Mtafsiri mwenye nia njema anaweza kuvutwa na *ukoka*, jina zuri la nyasi fupi zitambaazo ambazo kila mtoto wa Afrika Mashariki amezikanyaga. Asivutwe. Ukoka ni mmea mahususi wa nchi za joto, na Wimbledon tangu mwaka 2001 imekuwa ikipanda aina moja tu ya nyasi za nchi za baridi. Angella Okutoyi wa Kenya aliposhinda taji la wasichana la wawili kwa wawili huko mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, hakuwa juu ya ukoka.

Udongo ndio unaohitaji subira. Kiingereza kinasema *clay*, na kamusi zinatoa *udongo wa mfinyanzi*. Tafsiri hii ni sahihi kwa neno na si sahihi kwa kitu. Udongo wa mfinyanzi hunata, huumbika, na ukilowa huteleza. Mtu hawezi kucheza tenisi juu yake. Kinachoonekana chekundu huko Roland-Garros ni vumbi la matofali ya kuchoma yaliyosagwa, tabaka jembamba lenye unene wa milimita moja au mbili. Chini yake kuna tabaka la mawe ya chokaa yaliyopondwa, ambalo hushika unyevu. Chini zaidi mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha kokoto na mawe yanayopitisha maji. Maji ndiyo roho ya kiwanja hicho. Watunzaji hukinyunyizia na kukifagia, kwa sababu kikikauka vumbi hupeperuka na mchezaji hukosa pa kukanyaga.

Lugha nyingine zimelitatua jambo hili kila moja kwa namna yake. Wafaransa wanasema *terre battue*, yaani udongo uliopigwa, na Wahispania wanasema vilevile. Waargentina wamekuwa wakweli kuliko wote: wanasema *polvo de ladrillo*, vumbi la tofali. Kiswahili kina kitenzi ambacho kingemfurahisha Mfaransa, nacho ni *kushindilia*, kinachojulikana kwa kila aliyewahi kujenga nyumba ya udongo. *Udongo ulioshindiliwa* ni tafsiri nzuri ya jina la Kifaransa, na mahali panapohitaji ufafanuzi litumike pamoja na tajo la vumbi la matofali. Katika habari za kila siku *kiwanja cha udongo* kinatosha. Kinachopaswa kuondoka ni *mfinyanzi*.

Kuondoa mfinyanzi kuna faida nyingine. Nchini Marekani hutumika *udongo wa kijani*, ambao ni mwamba wa basalti uliosagwa na hauna uhusiano wowote na chungu wala tofali. Neno pana *udongo* linaweza kuubeba bila kudanganya. *Udongo wa mfinyanzi wa kijani* ni maneno yasiyo na kitu duniani. Hali kadhalika udongo wa buluu uliowekwa Madrid mwaka 2012, ambao Nadal na Novak Djokovic waliulalamikia kwamba unateleza, na mwaka uliofuata haukuwapo tena.

Malalamiko hayo yanaleta kitenzi kinachostahili kuangaliwa. Juu ya udongo mzuri mchezaji hukimbia, hupanga mguu, kisha huufanya mguu uende wenyewe mpaka ukutane na mpira. Akifanya vivyo hivyo bila kukusudia, ameteleza. Kiingereza kina vitenzi viwili kwa mambo hayo; Kiswahili kina kimoja, *kuteleza*, ambacho daima kina harufu ya kosa, iwe la mguu au la ulimi. Mwandishi akisema *Nadal aliteleza vizuri sana*, msomaji atakunja uso. Unyambuaji unatoa njia: *kutelezesha mguu*. Kiambishi cha usababishi kinarudisha nia kwa mtendaji, na sentensi *alitelezesha mguu wa kushoto, akaurudisha mpira* haihitaji maelezo. Wachezaji wa Madrid, basi, walilalamika kwamba waliteleza mahali walipozoea kutelezesha.

Sakafu ngumu ni mtego wa kisarufi. *Uwanja mgumu* katika habari za michezo una maana iliyokwisha kukaa: mahali ambapo wageni hupata shida kushinda. Mtafsiri akiandika kwamba mchezaji fulani *anapenda viwanja vigumu*, amempa ushujaa ambao hakuudai. Kivumishi kiondolewe kwenye *uwanja* kikabidhiwe *sakafu*: *kiwanja cha sakafu ngumu*. *Ngumu* ikikubaliana na sakafu, ugumu unabaki pale ulipo, yaani katika lami au zege iliyopakwa matabaka ya rangi ya akriliki yenye mchanga. Melbourne ilianza kutumia sakafu ya namna hiyo mwaka 1988, baada ya miaka mingi ya nyasi. Lakini *sakafu* lisitumike kwa kila aina. *Sakafu ya nyasi* inasikika kama nyumba iliyohamwa. Kwa jina la jumla la aina zote, *aina ya kiwanja* inafaa zaidi.

Zulia lilikuwa la nne. Lilitandikwa ndani ya kumbi, na mzunguko wa wanaume wa kulipwa uliachana nalo mwaka 2009. Atakayetafsiri habari za kabla ya hapo atumie *kiwanja cha zulia* bila kuhofia picha ya sebuleni; hivyo ndivyo lilivyokuwa.

Kuhusu mwendo wa mpira, *kiwanja cha haraka* kiepukwe, kwa kuwa husomeka kama kiwanja kilichojengwa kwa kulipua. *Kiwanja chenye kasi* na *kiwanja cha polepole* vinaeleweka, na Shirikisho la Tenisi la Kimataifa hugawa viwanja katika madaraja matano kati ya ncha hizo mbili. Kinachopimwa ni namna mpira unavyokwaruzana na kiwanja na jinsi unavyodunda. Kitenzi *kudunda* kinatosha kwa udongo na sakafu ngumu. Kwa nyasi, ambako mpira hubaki chini na kukimbia mbele, *kuparaza* kinaonyesha zaidi: mpira uliparaza nyasi, haukudunda hadi magotini.

Sentensi moja inaweza kuyapima yote haya. Mashindano ya Wazi ya Marekani yalichezwa juu ya nyasi huko Forest Hills, New York, hadi mwaka 1974. Yakachezwa miaka mitatu juu ya udongo wa kijani hapohapo. Kisha mwaka 1978 yakahamia Flushing Meadows. Jimmy Connors alishinda 1974, 1976 na 1978. Tafsiri isemayo *Connors alishinda katika viwanja vitatu* ni ya uongo, kwa sababu viwanja vyenyewe, kwa maana ya mahali, vilikuwa viwili. Isemayo *katika mahakama tatu* haina haja ya kujadiliwa. Inayosimama ni hii: *Connors alishinda mashindano hayo juu ya aina tatu za kiwanja, yaani nyasi, udongo na sakafu ngumu, katika nyanja mbili*, na mhariri atakayeikuta *nyanja* hapo huenda akaifuta, akaandika *katika sehemu mbili za New York*, asilaumiwe.